Utitiri Wawindaji wa Chupa: Wanafaa kwenye Stroberi, Hawafai kwenye Nyanya

Wakulima wengi wa Bahati, Subukia na Njoro wamechoka kupulizia dawa ya utitiri kila wiki bila kuona nafuu, na wengi wao hutaka kujua kama ile chupa ya utitiri wawindaji, yaani utitiri wanaowala utitiri waharibifu wa mimea, inayoagizwa kupitia maduka ya pembejeo jijini Nakuru, inastahili bei yake. Inastahili, tena sana, ikiwa zao lako ni stroberi, mishiri (maharagwe ya Kifaransa), matango au maua ya waridi. Ikiwa ni nyanya, usitoe hata shilingi kabla ya kujua ni utitiri wa aina gani anayekusumbua. Tofauti hiyo sikuiona ikielezwa kwenye chupa niliyonunua, wala muuzaji hakuitaja, ilhali ndiyo inayoamua kama utavuna au utakuwa umelipa bure.

Ndani ya chupa mna utitiri wapatao 2,000 wa aina iitwayo Phytoseiulus persimilis, wakiwa wamechanganywa na vemikulaiti, zile chembe nyepesi zinazong'aa ambazo wenye vitalu vya miche huzifahamu. Asili yao inahusishwa na Chile, na waligunduliwa Ujerumani mwaka 1958 wakiwa juu ya maua ya okidi yaliyosafirishwa kutoka huko. Baada ya hapo walisambazwa karibu dunia nzima. Katika kaunti yetu si wageni hata kidogo, kwa sababu mashamba ya maua ya Naivasha yamewatumia kwa muda mrefu. Mkulima mwenye kivungulio kimoja, ile nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea, ndiye aliyechelewa kufikiwa.

Kabla ya kuzungumzia bidhaa yenyewe, sharti tumjue adui. Utitiri si mdudu kwa maana kamili, kwani ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui na kupe, na ndiyo maana dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Aliyekomaa ana urefu wa nusu milimita hivi, kwa hiyo mkulima huanza kuona madhara kabla ya kumwona mwenyewe: vidoa vidogo vyeupe au vya manjano juu ya jani, kama vile mtu amelichomachoma kwa ncha ya sindano, kisha jani zima linapauka na kuwa na rangi ya shaba. Utando unaoonekana kwa macho huja baadaye, na ukishaufikia umechelewa. Ligeuze jani, ulitazame upande wa chini karibu na mshipa mkubwa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Hapo utaona mayai ya mviringo kamili yanayopitisha mwanga, magamba meupe ya waliojivua, na wenyewe wakijikokota polepole. Utitiri wa madoa mawili, Tetranychus urticae, ana rangi ya kijani kibichi au manjano na doa jeusi kila ubavu. Huyu hachagui chakula: amepatikana kwenye mamia ya aina za mimea, kuanzia maharagwe na biringanya hadi mipapai.

Huduma ya kuagiza ndiyo sehemu iliyonikera zaidi. Duka nililolitumia, ambalo sitalitaja, lilipokea malipo ya awali bila kuniuliza ninalima nini, na nilipouliza mwenyewe kama bidhaa hiyo inafaa kwa nyanya, muuzaji akanijibu kwa ujasiri mwingi, "Hii ni ya kila kitu, mkubwa." Siku mzigo ulipofika niliikuta chupa imesimamishwa juu ya kaunta, jua la dirishani likiipiga, ilhali friji ya chanjo za kuku ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Viumbe hawa husafirishwa ndani ya sanduku la baridi, huhifadhiwa kwenye nyuzi 8 hadi 10 chupa ikiwa imelazwa, na hutakiwa kumwagwa shambani ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu ndani ya chupa hawana cha kula isipokuwa wao kwa wao. Kwa haki ya muuzaji, niseme kwamba alikubali bila ubishi nilipotaka kujaribu kabla ya kumaliza malipo. Nilimimina kiasi cha kijiko kwenye karatasi nyeupe. Wazima huonekana mara moja kama nukta nyekundu zinazokimbia huku na huku. Wakiwa wamekufa, karatasi hubaki na vemikulaiti iliyotulia tu. Wangu walikimbia, nikalipa. Yeyote anayenunua bidhaa hii asiondoke dukani bila kuwajaribu kwenye karatasi.

Kuhusu kiasi, hesabu ni nyepesi. Kivungulio cha mita 8 kwa 15, ambacho wakulima wadogo wengi wanacho, kina mita 120 za mraba, kwa hiyo chupa moja humpa mkulima wawindaji 16 hivi kwa kila mita. Kiasi hicho kinatosha vizuri ikiwa shambulio ni la kati, na hakitoshi ikiwa utando umeshafunika vilele vya mimea. Izungushe chupa taratibu mkononi ili wasirundikane upande mmoja, kisha nyunyiza juu ya majani jioni jua likiwa limepoa, ukiongeza kidogo mahali palipoathirika zaidi. Usiwagawe sawasawa kama unayeweka mbolea, kwa maana wanapaswa kuangukia karibu na chakula chao.

Kwenye stroberi kazi waliyoifanya ni ya kupigiwa mfano. Chini ya lenzi mwindaji hutambulika kwa umbo lake la tone, rangi ya chungwa iliyoiva, miguu mirefu na mwendo wa haraka usiofanana kabisa na uzembe wa mawindo yake. Hana macho. Huinua miguu ya mbele na kupapasa hewani na juu ya jani, akigusa yai hulisimamia, akalichoma na kulinyonya mpaka likabaki ganda lililonywea, kisha huyo anaendelea na jingine. Rangi yake hukolea kadiri anavyoshiba. Mmoja aweza kumaliza watitiri watano waliokomaa kwa siku, au mayai na watoto 20 hivi. La kuvutia zaidi ni kwamba mmea wenyewe humwita: jani linaposhambuliwa hutoa harufu ambayo binadamu haisikii, na mwindaji huifuata hadi mahali penye adui. Katika joto la nyuzi 25 hivi huzaliana haraka kuliko anaowala, na ndiyo maana mwanzoni mkulima huona kama hakuna kinachotokea, halafu ghafla hali hugeuka. Mayai yake hutofautishwa kwa urahisi, kwani ni marefu kama yai la kuku na ni makubwa takribani maradufu ya yale ya mviringo ya adui. Majani mapya ya stroberi zangu yalitoka safi, na yale ya zamani yaliyokwisha kupauka yalibaki vilevile, jambo ambalo si kasoro ya bidhaa, kwa sababu jani lililonyonywa halirudishi ukijani wake.

Sehemu ya chupa niliimwaga kwa makusudi kwenye mistari ya nyanya, nikitaka kuona kama lile jibu la dukani lina msingi wowote. Halina. Wawindaji walipungua upesi, na utitiri wakaendelea kusuka utando kana kwamba hakuna kilichoongezwa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba shina na majani ya nyanya yana vinyweleo vyenye ulimbo, ambavyo humnasa na kumchosha kiumbe mdogo kama huyu. Ya pili ni nzito zaidi: kwenye nyanya za huku kwetu utitiri anayesumbua mara nyingi si yule wa madoa mawili bali ni ndugu yake mwekundu, Tetranychus evansi, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, ambaye aliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979 na hapa Kenya mwaka 2001. Persimilis hamli huyo ipasavyo, na akilazimika kumla hastawi wala hazai vya kutosha. Watafiti waliotafuta maadui wake wa asili Brazil walimpata mwindaji mwingine wa jamii hiyo, Phytoseiulus longipes, ambaye humla bila shida, lakini huyo siye aliyemo kwenye chupa hii.

Rangi peke yake haitoshi kuwatenganisha hao wawili, maana hata wa madoa mawili ana namna yake nyekundu, na uthibitisho kamili hufanywa kwa hadubini. Hata hivyo, mkulima anaweza kukisia vizuri kwa kutazama mazingira. Evansi hupenda zaidi mimea ya jamii ya nyanya: nyanya zenyewe, viazi, biringanya na managu (mnavu). Ukikuta utitiri wa rangi ya tofali wamefunika nyanya zako kwa utando mzito, na managu yaliyojiotea nje ya kivungulio nayo yamepauka, huku mishiri iliyo kando yake ikiwa salama, basi hifadhi pesa zako. Ng'oa hayo managu ya kujiotea kwanza, kwa sababu ndimo wanamojificha baina ya msimu na msimu. Anayelima managu kwa ajili ya soko ayatenge mbali na nyanya.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya kopo ni rahisi zaidi, na kwa bei ya siku moja ni kweli, kwani chupa hii iligharimu mara kadhaa ya kopo dogo la abamektini. Abamektini huua utitiri wanaotembea lakini haifanyi kazi ya maana kwenye mayai, kwa hiyo ni lazima irudiwe, na kila marudio hubakiza wale sugu. Utitiri wa madoa mawili ameripotiwa kuwa sugu kwa viambata vya dawa zaidi ya 90 duniani, rekodi ambayo viumbe wachache sana waharibifu wanaikaribia. Dawa za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, ambazo ndizo husukumwa kwanza kwa mkulima anayesema tu kwamba ana "wadudu", ni mbaya zaidi hapa, maana huua wawindaji wa asili na kumwachia utitiri uwanja. Mabaki yake yanaweza kuendelea kuwadhuru wawindaji kwa wiki nyingi. Kwa hiyo anayetaka kutumia chupa hii asiwe amepulizia pairethroidi hivi karibuni. Nafahamu kwamba katika mji uliojengwa kwa sehemu kubwa na pareto si rahisi kumshawishi mzee kwamba pareto si dawa ya utitiri, lakini ndivyo ilivyo: hata ile ya asili, ambayo jua huivunja upesi, haina nguvu kubwa dhidi yake.

Udhaifu wa kweli wa bidhaa hii ni hali ya hewa. Persimilis anahitaji unyevu. Hewa ikikauka chini ya asilimia 60 mayai yake hunyauka, na joto likizidi nyuzi 30 hulegea, wakati ambapo utitiri mwenyewe hufurahia kiangazi. Januari hadi Machi, vumbi la barabara likitanda juu ya majani na plastiki ya kivungulio ikichemka mchana, bidhaa hii hufanya kazi nusu tu usipoifungulia hewa na kulowesha njia asubuhi. Vilevile hawali kitu kingine chochote. Wakishamaliza utitiri hufa njaa au hutawanyika, na shambulio jipya litahitaji chupa mpya. Gharama hiyo ijumlishwe mapema.

Kwa mwenye stroberi au mishiri ningependekeza anunue lenzi kwanza, akague majani ya chini kila wiki, na aagize chupa anapoona vidoa vya mwanzo kabla ya utando. Aulize dukani mzigo hufika siku gani, aende asubuhi hiyohiyo akiwa na karatasi nyeupe na kisanduku chenye barafu iliyofungwa kwa gazeti isigusane na chupa, na amwage jioni ileile. Mwenye nyanya apeleke majani machache yaliyofungwa kwenye karatasi ya khaki kwa afisa wa kilimo au kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, wamtazame utitiri huyo kwa hadubini, ndipo aamue.