Filta ya ND ya kushutia juani: ipi ununue kwanza

Wadau mnaoanza kushuti harusi za ufukweni, kabla hujaongeza lenzi nyingine tafuta filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Hesabu iko hivi: jua la saa saba mchana, ISO 100, f/2.8, shata itataka kama 1/3200 ya sekunde, na wewe kwa video ya fremu 25 unataka 1/50 ili mwendo uwe laini. Hapo una stopu 6 za kupunguza (kila stopu inakata mwanga nusu), yaani mara 64, ndo ND64 hiyo.

Namba moja kwangu ni ya kuzungusha, stopu 2 hadi 5, ile inayogota mwishoni. Maharusi wakiingia chini ya mnazi unazungusha tu kidole, wakitoka juani unarudisha, na stopu zikikuishia unabana apecha (tundu la lenzi) hadi f/4 maisha yanaendelea. Wa logi (ile picha iliyopauka ya kuja kutia rangi kwenye editi) inayoanzia ISO 800 chukueni ya 6 hadi 9. Nunua ya milimita 82 halafu ringi za kuongeza (step-up) za bei chee kwa lenzi ndogo, usinunue filta kwa kila lenzi jamani.

Namba mbili ND64 ya kawaida, isiyozunguka. Rangi inatulia na bei ni nafuu, ila kivuli kikija ufungue, na mchanga na upepo vile mkononi... Kwa mahojiano kwenye stendi iko poa sana.

Za mraba za milimita 100 ni za wapiga mandhari, harusini utahangaika.

Ya mwisho kabisa ni zile zimeandikwa ND2-400 za bei ya chipsi. Nilikuwa nayo moja, nikaizungusha mpaka mwisho na lenzi pana, kwenye kompyuta nakuta msalaba mweusi umepita juu ya shela la bibi harusi, maana ndani ni polaraiza mbili, vioo vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, na zikikatana sana ndo matokeo yake. Hakuna editi inayotoa ile kitu.

Dukani nenda na kamera na karatasi nyeupe, piga bila filta, piga nayo, white balance usiiguse. Karatasi ikigeuka kahawia au kijani, rudisha. Usijaribie kwenye skrini ya simu, mwanga wake ushapolaraizi tayari, utaona giza ukadhani filta ni kali.