Feri kwa mnunuzi anayehesabu zebaki

Soko la Samaki la Feri, pale Magogoni jijini Dar es Salaam, halina bango la kukuonya juu ya zebaki, metali yenye sumu inayojikusanya ndani ya samaki, na masoko mengi ya samaki hayana bango hilo. Lakini lina kitu ambacho friji za supamaketi hazina: samaki mzima, kichwa na mkia, amelazwa mbele yako mnadani. Zebaki katika nyama ya samaki hufuata mambo matatu, yaani ni samaki gani, ana umri gani (ukubwa ndio kipimo chake) na anakula nini. Minofu iliyofungwa plastiki imekuficha yote matatu. Kwa hilo peke yake Feri inastahili nyota nne kati ya tano.

Anayeonyesha kwa nini ukubwa una maana ni pomboo, maana naye anakula kwenye sahani hiyohiyo: vibua, mikizi, ngisi, jodari wadogo, kila siku, kwa miaka thelathini, arobaini. Zebaki iliyomo ndani ya samaki hao ni ya methili, ile inayotengenezwa na bakteria wa kwenye matope na majini, kisha ikapanda kutoka planktoni (viumbe vidogo mno vya majini) hadi dagaa, hadi kibua, hadi jodari, ikiongezeka kila ngazi. Ini la pomboo mzee hubeba zebaki nyingi kupindukia, na bado anaogelea na kuzaa. Siri yake iko palepale kwenye ini. Kifungo kati ya zebaki na methili huvunjwa, kisha zebaki hufungwa na seleniamu (madini ambayo mwili huyahitaji kidogo kutoka kwenye chakula), atomu moja kwa atomu moja, ikawa chembe ngumu nyeusi zisizoyeyuka. Chembe hizo hukaa kwenye ini hadi mnyama afe. Pomboo hatoi nje zebaki hiyo, anaizika.

Maziko hayo yana gharama. Ukipiga hesabu kwa uzito wa atomu (zebaki 200.6, seleniamu 79), kila miligramu 1 ya zebaki hufunga karibu miligramu 0.4 za seleniamu, na seleniamu ileile ndiyo inayotakiwa na vimeng'enya vinavyolinda ubongo. Tena kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye ini. Nyama ya mgongoni ya pomboo hubaki na zebaki ya methili kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana mwaka 2008 wakuu wa afya wa Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, walishauri watu waache kabisa kula wale pomboo wakubwa weusi wa jamii ya Globicephala, ambao wamekuwa kitoweo chao kwa karne nyingi. (Kwetu kuvua pomboo na nguva ni kosa la kisheria, kwa hiyo hilo tuliache.)

Binadamu hana ini la namna hiyo. Zebaki ya methili hujishikiza kwenye sisteini, ikafanana na methionini (vyote viwili ni viungo vinavyojenga protini), na mlango wa ubongo ukaifungulia kwa kudhani ni chakula. Hupita pia kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Tunaitoa polepole kwa njia ya nyongo na haja kubwa, na kidogo hutoka na nywele; nusu ya mzigo huhitaji takriban siku 50 kuondoka. Vidonge vya seleniamu vya dukani havikugeuzi pomboo. Ukizidisha maikrogramu 400 kwa siku unajitafutia kunyonyoka nywele na kucha kuharibika.

Sasa tuingie sokoni. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliweka kikomo cha maikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana maikrogramu 96. Mtoto wa kilo 15 ana 24. Vipimo vifuatavyo ni wastani wa mamlaka ya chakula ya Marekani, si vya samaki wa hapa, kwa hiyo vitumie kujua nani yuko juu ya nani. Papa ana miligramu 0.979 kwa kilo: gramu 98, kipande cha kiganja, kimemaliza wiki nzima ya mama huyo. Kwa mtoto ni gramu 24 tu, matonge mawili. Ndugu wa nguru wetu anayevuliwa Atlantiki ana 0.73, sawa na gramu 131. Jodari wa mapezi ya njano ana 0.354, gramu 271. Sadini, jamaa wa dagaa wa baharini, wana 0.013, yaani zaidi ya kilo 7 kwa wiki, na tumbo litakataa mapema. Kamba ni 0.009.

Kwa hiyo, ukifika Feri, chaguo lako bora liko kwenye ndoo za dagaa, mafungu ya vibua, tasi na changu wa ukubwa wa sahani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wanaadimika na bei inapanda, panga ratiba yako. Kwa nguru na jodari, chagua mdogo. Nguru wa kilo 3 na wa kilo 15 wana jina moja, lakini huyo wa pili amekula miaka mingi zaidi. Chewa mkubwa ni vilevile, anaishi muda mrefu na anakula wenzake. Kina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wampishe papa, nduaro na jodari mkubwa.

Papa mkavu wa chumvi anahitaji neno lake. Akikaushwa maji yanaondoka, zebaki inabaki, hivyo gramu moja ya mkavu hubeba zebaki nyingi kuliko gramu moja ya mbichi. Kumloweka usiku kucha hutoa chumvi tu. Zebaki imefungwa kwenye protini yenyewe, hivyo kutoa ngozi au mafuta hakusaidii. Ndimu, siki, kukaanga, kuchemsha mara mbili, vyote havifanyi kitu. Samaki wa gramu 400 akitoka kwenye karai la wakaangaji akiwa gramu 300, zebaki ni ileile, imebanana zaidi.

Wapara samaki wa Feri wana kasi ya kupendeza, na hapo usikae kimya. Kwa ngisi na pweza mwambie atoe tumbo lote bila kulipasua. Kwenye tezi yao ya mmeng'enyo ndiko kadimiamu inakorundikana, metali inayokaa kwenye figo za binadamu kwa miaka 10 hadi 30. Nyangumi wanaoishi kwa ngisi hujaza kadimiamu kwenye figo zao pia, wakiifunga kwa metalothayonini, protini ndogo ambayo karibu theluthi ya viungo vyake ni sisteini. Sisi tunayo protini hiyohiyo, ila hatukuumbiwa mlo huo. Kwa kaa wa baharini, ule uji wa kahawia ndani ya gamba uache. Na kagua koo la samaki wa mshipi: chubwi (uzito wa mshipi) ya madini ya risasi ikibaki humo haifai kuingia chunguni.

Nyota ya tano inapotelea kwenye meza za vipande. Kichwa kikishaondoka, papa mdogo na samaki mwingine mweupe hawatofautishwi na macho ya kawaida, na umri haujulikani. Nunua mzima, akatwe mbele yako. Beba na barafu, uzito sawa na samaki. Zebaki huchukua muda mrefu kukudhuru. Kibua aliyekaa juani huchukua saa chache tu, kwa histamini (sumu inayotengenezwa na bakteria samaki akiharibika), na hiyo nayo haiuawi na moto.

Ukitaka kupeleka sampuli maabara, chukua gramu 200 za nyama ya mgongoni bila ngozi wala mfupa, weka kwenye mfuko safi wa plastiki, igandishe, andika jina, urefu na uzito wa samaki mzima. Omba zebaki yote kwa njia ya mvuke baridi. Kisha uliza jibu limetolewa kwa uzito mbichi au mkavu. Samaki ni maji kwa asilimia 75 hadi 80, hivyo namba ya uzito mkavu ni kubwa mara nne hadi tano, na ukiilinganisha na kikomo cha uzito mbichi utamtupa changu asiye na hatia.