Nilienda chekapu tu, nikatoka na homa ya ini na hasira juu

Jina la hiyo kliniki silitaji, ila ipo hapa Dar na ina bango kubwa la ofa ya chekapu ya mwili mzima. Sikuwa naumwa chochote, nakula nalala, ofisini ndo walitaka kila mtu apeleke karatasi ya afya nikaona bora nichukue hiyo ofa wanipime kila kitu mara moja, presha, sukari, mkojo, ultrasaundi na damu. Kupima wanajua, hapo siwadai kitu, damu nilitolewa hata sikusikia sindano.

Shida ikaja siku ya majibu. Mabenchi yamejaa, wengine mabinti wameshika pasipoti wanasubiri medikali ya kwenda kazi Uarabuni, dada wa mapokezi akasimama na rundo la bahasha akaita kwa sauti ya konda wa daladala, "yule kaka wa homa ya ini yuko wapi?" Na mimi nikageuka kumtafuta huyo kaka! Ndo akasoma jina langu. Nafika kaunta, bahasha hanipi mkononi, anaisukuma na kalamu. Na kalamu yenyewe akaifuta. Mama niliyekuwa nimekaa naye akampakata mwanae akahamia benchi la nyuma, na simlaumu, kajifunza palepale kaunta.

Daktari naye hajainua macho kwenye simu. "Ni homa ya ini aina ya B hii. Ini ndo linaisha hivyo polepole, nyumbani tenga sahani na kikombe chako." Dawa je? "Haina dawa. Mwingine aingie." Yaani nimelipia hela yangu kuambiwa nikafe na sahani yangu pembeni.

Baada ya wiki kadhaa za kutokulala nikaenda hospitali ya serikali, foleni ndefu sijui nini lakini nikakutana na daktari mmama akacheka kwanza, "mwanangu, nani kakutenganisha na sahani?" Akaniambia B inapita kwenye damu, ngono, nyembe za kuchangia na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, sio kwenye ugali wala kupeana mkono. Na kile kipimo kinaonyesha tu kirusi kipo, sasa ilitakiwa waangalie wingi wake na ini linafanyaje kazi, halafu kipimo kirudiwe ikipita miezi 6, ikiwa bado kipo ndo inaitwa sugu. Ukiipata ukubwani mara nyingi mwili unaifukuza wenyewe, wanaoipata uchanga ndo wengi inabaki nao, hivyo huenda ninayo tangu nazaliwa sijui. Hata ikiwa sugu sio wote wanaanzishwa dawa, na dawa zipo, zinakilaza kirusi hata kama hazikimalizi. Pombe akanipiga marufuku, hiyo nimeikubali kwa shingo upande.

Mke wangu kapimwa hana, kaanza chanjo, dozi 3, ya pili baada ya mwezi na ya mwisho ikitimia miezi 6 tangu ile ya kwanza. Watoto walishapata kwenye zile chanjo za kliniki za wiki ya 6, 10 na 14.

Nilitaka kuandika msikanyage pale, nyota moja na hiyo moja ya yule aliyenitoa damu. Lakini tuseme ukweli bana, bila ile ofa ningejuaje? Ugonjwa huu unakaa miaka hauumi popote, unakuja kushtuka tumbo limejaa maji. Wamenisaidia hawa, na hapo ndo nazidi kukasirika, maana kazi ngumu wameifanya vizuri wakashindwa kufunga mdomo tu. Je angeitwa hivyo mmoja wa wale mabinti wa pasipoti? B ukikutwa nayo kwenye medikali ya Uarabuni safari imekufa, na mtaa mzima ungejua kabla hajafika kwao.

Jirani juzi kaniuliza akapime wapi, nikajikuta namwelekeza palepale, bei nafuu na vipimo havikudanganya. Ila nimemwambia jina la mwanzo ajiandikishe la babu yake, achukue bahasha atoke, chumba cha yule daktari asiingie kabisa.