Klabu inayoanza na kile anachokiweza mtoto

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikimpeleka mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 11, kwenye klabu ya watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI inayoendeshwa na shirika dogo la hisani katika mji wetu wa Kanda ya Ziwa. Klabu za namna hii si geni nchini. Wengi wanazijua zile zenye jina la Ariel, binti wa Elizabeth Glaser wa Marekani, aliyefariki kwa UKIMWI mwaka 1988, mwaka uleule mama yake na rafiki zake walipoanzisha taasisi ya kuwapigania watoto. Yetu hukutana Jumamosi moja kila mwezi karibu na CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, huduma ni bure, na uji wa saa nne haukosekani. Nawaandikia walezi wenzangu wanaosita, kwa sababu nami nilisita miezi mingi nikidhani kumkutanisha na wenzake ni kumkumbusha ugonjwa.

Kilichonibadilisha ni namna wanavyoanza. Kliniki swali la kwanza ni dawa: umekunywa saa ngapi, vidonge vimebaki vingapi, na ni haki yao kuuliza. Klabuni mtoto huulizwa kwanza amefanya nini kizuri tangu walipoonana mara ya mwisho. Siku ya kwanza wangu alitazama chini kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi najua kusuka." Mwezi uliofuata alikuta wadogo wawili wamekaa kwenye mkeka wakimsubiri yeye awasuke, na tangu siku hiyo ndiye anayeniamsha mimi Jumamosi.

Mwezeshaji alinieleza kwamba msingi wake ni saikolojia chanya, ambayo Martin Seligman aliipigania alipokuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani mwaka 1998, akitaka taaluma yake ichunguze pia yale yanayomfanya binadamu astawi, badala ya kushughulikia maradhi ya akili peke yake. Mwenzake katika fani hiyo, Charles Snyder, aliona kwamba tumaini lina lengo, njia za kulifikia, na imani ya mtu kwamba anaweza kuzifuata. Hapo kwenye njia ndipo ninapoona uzito wa huduma hii. Mtoto akisema anataka kuwa nesi, hapigiwi makofi yakaishia hapo. Anaulizwa, akilala kwa ndugu wasiojua hali yake, dawa atainywaje? Wangu alijibu mwenyewe kwamba atabeba kidonge kwenye kichupa, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, ataomba maji.

Zoezi lililonigusa zaidi ni Mti wa Uzima, lililobuniwa na mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, pamoja na David Denborough. Chimbuko lake ni tiba ya masimulizi, inayomsaidia mtu kusimulia upya maisha yake, lakini linakaa vizuri katika kazi hii. Mtoto huchora mti. Mizizi ni asili ya mtoto, shina ni yale anayoyaweza, matawi ni matumaini yake, na majani ni watu anaowathamini, walio hai na waliofariki. Wangu alilichora jani la mama yake kubwa kuliko yote, akalipaka kijani kibichi. Miti ikabandikwa ukutani ikawa msitu, na hapo tu ndipo watoto walipoulizwa kuhusu dhoruba zao. Yeye akataja msiba wa mama, kisha dawa ya maji iliyokuwa chungu mno hata akawa anaitapika alipokuwa na miaka mitatu. (Wadogo wa leo wana nafuu ya dolutegravir ya 10 mg, kidonge cha kufubaza virusi kinachoyeyuka majini.) Nililia nikiwa nyuma ya dirisha, maana nyumbani hajawahi kunitajia lolote kati ya hayo.

Kasoro ipo, na ni nzito. Watoto ambao virusi vyao vimefubaa, yaani vimepungua mno mwilini, walikuwa wakiitwa mbele na kupongezwa kwa majina. Nia ilikuwa njema, lakini nilimwona mvulana mmoja, ambaye kiwango chake cha virusi kilikuwa kimepanda, akiukunja mfuko wake wa daftari mpaka kamba ikakatika. Kupanda kwa virusi si utovu wa bidii siku zote. Huenda dawa imezoeleka na virusi, au nyumbani hakuna chakula. Walezi watatu tulimweleza mratibu, na sasa majibu yanatolewa kwa faragha, ila ubao wa nyota bado uko ukutani, na ningependa uondolewe.

Kabla ya kumwandikisha, mtoto lazima awe ameshaambiwa hali yake, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linalipendekeza kwa watoto wa umri wa kwenda shule, na wanasihi watakusaidia kumwambia. Kwa mwenye miaka 8 hadi 14 naipendekeza kwa moyo wote. Mwenye kijana wa miaka 16 aulize kwanza, kwa kuwa kundi la rika hilo halijaanzishwa, na wakubwa wachache waliopo hukaa pembeni wakiwagawia wadogo uji.