Fremu ya elfu tisini, kontena la elfu kumi na mbili: uzoefu wangu na medali za babu

Niseme mapema: nyota tano nazipa kontena la plastiki la kuwekea chakula. Fremu ya kioo niliyotengenezewa hapa Moshi naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu kioo chake bado kina kazi.

Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua na matope juu yao. Aliacha medali tatu: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma, na ile ya duara ya Vita yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita. Bibi aliacha beji ya TANU. Mimi nimeongeza beji za skauti na medali za Kilimanjaro Marathon. Vyote vilikaa miaka mingi kwenye kopo la biskuti, vimefungwa gazeti na mpira wa kubania noti.

Mwaka juzi nikaona aibu, nikaenda kwa fundi fremu. Sanduku la MDF, zile mbao za unga wa mti ulioshikwa kwa gundi, mahameli mekundu ndani, kioo mbele, shilingi 90,000. Nikalitundika sebuleni, jua la saa kumi likawa linalipiga sawasawa. Kila mgeni alisifia.

Masika ya mwaka huu nikaona ukungu umeshika kioo kwa ndani. Nilipofungua, harufu ya gundi ikanipiga puani. Pini ya beji ya bibi ilikuwa imeota unga wa kijani, kama ule wa kwenye vichwa vya betri ya gari. Medali zenyewe zilikuwa zimebandikwa kwa gundi ya moto! Lakini kilichoniuma ni utepe wa Nyota ya Burma. Ile milia ya rangi ya chungwa ilikuwa imepauka hadi kufanana na chai ya maziwa. Nikaugeuza nyuma: chungwa bado linawaka, buluu imekolea, nyekundu kama jana. Babu alipona masika ya Kabaw, medali zake zikashindwa na sebule ya Moshi.

Sikumgombeza fundi, kazi yake ni picha. Shida ni kwamba MDF na gundi yake hutoa mvuke wenye tindikali, na sanduku likifungwa mvuke huo hauna pa kutokea. Ukikutana na unyevu, unaanza kula shaba. Jua nalo linamaliza rangi ya utepe, na hakuna dawa ya kuirudisha. Gundi niliibandua kwa spiriti kidogo kwenye pamba, nikikaa mbali na utepe maana rangi ingeweza kuchuja.

Na mimi nina dhambi yangu. Nikiwa kijana niliisugua ile ya duara kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka ikawa kama kioo. Kila ukisugua unaondoa chuma chenyewe. Leo mfalme hana nyusi, na unga mweupe wa dawa umeganda kwenye herufi mpaka kesho. Weusi wa uzee uacheni.

Sasa kontena. Nililinunua soko la Mbuyuni kwa 12,000, lile la mfuniko wenye klipu nne na mpira pembeni. Geuza chini utafute pembetatu yenye namba ya aina ya plastiki: namba 5 ni nzuri, namba 3 ikimbie, hiyo ni plastiki ya PVC, ikizeeka inatoa tindikali na mafuta yanayonata. Ndani nimetandika kitambaa cha pamba cha marekani nilichokifua mara mbili bila wanga, kila medali na kitambaa chake ili zisigongane, utepe umelala bila kukunjwa. Mpira wa noti nimeutupa, una salfa, unayafanya madini ya fedha kuwa meusi. Gazeti nalo lina tindikali. Kwenye kona kuna kifuko cha silika, zile punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba unyevu. Zikigeuka nazimwaga kwenye trei, nazikausha kwenye oveni nyuzi 120 kwa muda wa kama saa mbili, zinarudi kazini. Kontena linakaa kabatini, ukuta wa ndani, mbali na bafu na jiko.

Miezi minane sasa, unga wa kijani haujaongezeka. Malalamiko yangu: klipu moja ilikatika mwezi wa nne, nikafidia kwa kufunga kamba ya pamba. Na kontena halina sura. Mgeni akikuta limewekwa mezani atadhani ni viporo. Kwa hiyo nilipiga picha medali, mbele na nyuma, nikazichapisha, na hapo ndipo kioo cha ile fremu kilipopata kazi. Picha ikipauka nachapa nyingine.

Za marathoni sikuzifunga. Zinaning'inia kwenye msumari chumbani, zinagongana kila mlango ukifungwa, na zikichakaa nitakimbia nyingine.

Desemba ndugu wakipanda mlimani kwenda nyumbani Kibosho nitalibeba niwafungulie. Glovu za pamba ninazo jozi tatu, kwa sababu jasho la vidole linaacha alama kwenye chuma. Shangazi ameshasema za baba yake atazishika kwa mkono mtupu.