Dubwana la mmea lenye akili: ukinunua katuni za zamani, anza na lipi?

Mwaka 1971, katika muda wa miezi miwili tu, kampuni mbili za katuni za Marekani zilitoa madubwana mawili yanayofanana kama kurwa na doto. Mei, Marvel ilimtoa Man-Thing kwenye Savage Tales namba 1. Julai, DC ikamtoa Swamp Thing kwenye House of Secrets namba 92. Yote mawili yalikuwa wanasayansi, yakageuka mizizi na matope ndani ya kinamasi. Tena Gerry Conway, mmoja wa waandishi wa la kwanza, alikuwa akiishi nyumba moja na Len Wein, mwandishi wa la pili. Ndiyo maana wanunuzi wageni kila siku wanachukua moja wakidhani ni jingine.

Tofauti yao ni kubwa: Swamp Thing anafikiri, Man-Thing hafikiri. Nami nimepanga mwongozo huu kwa kigezo hicho. Kama umevutwa na wazo la mmea wenye akili, mmea unaojua kwamba upo na unaoweza kubishana nawe, basi pesa yako iende kwanza pale ambapo akili hiyo imeandikwa vizuri. Jina la toleo na bei yake mnadani vitafuata baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, Saga of the Swamp Thing, kitabu cha kwanza kati ya sita vinavyokusanya kazi ya Alan Moore pamoja na wachoraji Stephen Bissette na John Totleben. Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, nunua hiki. Humo mna toleo namba 21, la Februari 1984, ambalo kwangu halijapata mpinzani. Dubwana limepigwa risasi, limegandishwa, na mtaalamu wa mimea Jason Woodrue ameajiriwa alipasue. Anatoa kitu chenye umbo la mapafu, lakini hakiwezi kuvuta hewa. Anatoa kitu mfano wa figo, hakichuji chochote. Kila kiungo ni nakala iliyoundwa na majani, imewekwa mahali pake kwa uaminifu na haifanyi kazi yoyote. Polepole Woodrue anaelewa kwamba Alec Holland, mwanasayansi ambaye dubwana linajidhania kuwa ndiye, hakugeuka mmea. Alec Holland alikufa. Mimea ya kinamasi ilikula mwili wake pamoja na kumbukumbu zake, ikaamini kuwa yenyewe ndiye yeye, na ikajijengea mapafu kwa sababu binadamu ana mapafu.

Ukurasa ule niliusoma nikaufunga, nikakaa.

Matoleo matatu yanayofuata yanaonyesha akili ya mmea ikifanya kazi. Woodrue anapata wazimu, anajiona msemaji wa mimea yote duniani, na anaiamuru itoe oksijeni kupita kiasi ili watu waangamie. Swamp Thing anamshinda kwa hoja: wakifa watu na wanyama wote, ni nani atakayeigeuza oksijeni kuwa hewa ambayo mimea inaihitaji? Mimea yenyewe inasikia hoja hiyo na kumwacha Woodrue peke yake. Sijaona pambano la katuni linaloamuliwa kwa akili namna hiyo.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Kitabu cha zamani chenye jalada laini kilianza na toleo namba 21. Chapa yenye jalada gumu ya mwaka 2009 na zilizofuata zimeongeza namba 20, ambamo dubwana linauawa. Muulize muuzaji kama namba 20 imo. Ukipenda matoleo halisi moja moja, tegemea kulipa zaidi kwa namba 21 na namba 37 ya Juni 1985, anapotokea mchawi mjanja John Constantine kwa mara ya kwanza. Majirani zao wengi hawana presha hiyo. Ukishanogewa, ruka hadi kitabu cha nne: humo mna namba 47, Bunge la Miti, ambapo Swamp Thing anafika Brazil na kukuta wazee waliomtangulia, wameota mizizi na bado wanafikiri. Sisi tuliokatazwa kupita chini ya mbuyu usiku tutaisoma hadithi hiyo kwa makini ya peke yake.

Nafasi ya pili ni Swamp Thing wa awali, matoleo kumi ya kwanza yaliyochorwa na Bernie Wrightson kuanzia mwishoni mwa 1972. Hapa dubwana bado linajidhania mtu na linatafuta njia ya kurudia mwili wake, kwa hiyo swali la akili ya mmea halijaulizwa. Unachonunua ni wino: ukungu, magome, mikono inayochuruzika maji. Mkusanyo wa jalada laini uitwao Swamp Thing: The Bronze Age, juzuu ya kwanza, una hadithi zote hizo pamoja na ile ya House of Secrets. House of Secrets namba 92 yenyewe iliuzwa senti 15 ilipotoka. Leo nakala halisi ni mzigo wa watu wenye pesa ndefu. DC imeichapa upya ikifanana na ya awali hadi matangazo ya ndani. Kwa msomaji, inatosha kabisa. Ila hakikisha muuzaji hakuuzii hiyo kwa bei ya mzee wake: tazama maandishi madogo ya uchapishaji na weupe wa karatasi.

Ya tatu unaweza kuipata bila senti. The Heap ndiye babu yao wote. Alitoka Air Fighters Comics namba 3, Desemba 1942, kazi ya Harry Stein na Mort Leav: rubani wa Kijerumani aliyeangushwa katika vita vya kwanza vya dunia, akaoza na kuota upya ndani ya kinamasi huko Poland. Hana maneno, lakini nia ya kuishi anayo. Haki za Hillman, kampuni iliyomchapisha, hazikuhuishwa, kwa hiyo kurasa zake zimewekwa bure kwenye maktaba za katuni mtandaoni. Anayetaka karatasi mkononi atafute juzuu tatu zilizotolewa na PS Artbooks.

Groot, mti unaotembea, namweka wa nne, najua wengi watakasirika. Yule wa Tales to Astonish namba 13, Novemba 1960, aliyechorwa na Jack Kirby, anaongea kwa ufasaha, anajitangaza mtawala wa Sayari X, anaamrisha miti, na anataka kubeba mji mzima akauchunguze kwao. Anaangushwa na mchwa. Hadithi ni fupi na ni tamu, lakini bei ya nakala halisi imepandishwa na filamu za Guardians of the Galaxy za kuanzia 2014. Tafuta Where Monsters Dwell namba 6 ya mwaka 1970, iliyoichapa upya: nayo ni ya zamani, na inasomeka vilevile.

Ndipo anakuja Man-Thing. Hana akili, anahisi tu, na hofu ya mtu ndiyo inayomchoma huyo mtu anapoguswa. Kwa kigezo changu anakuwa wa mwisho, ingawa hadithi za Steve Gerber zina uchungu wa kweli, na mkusanyo wake wa juzuu tatu nauthamini sana. Ukinunua matoleo halisi ya 1974 na 1975, omba picha ya ukurasa wa barua za wasomaji. Marvel ilichapa humo stempu za kukata na kukusanya. Mimi nilitumiwa picha ya jalada tu, jalada safi, na nilipofungua nikakuta dirisha la mstatili limekatwa kwa mkasi. Nakala iliyokatwa hushuka thamani vibaya sana.

Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975 usiinunue kwa ajili ya Krakoa, kisiwa kinachofikiri. Bei yake inabebwa na mashujaa wapya waliotokea humo, akiwemo Storm, anayefuatwa Kenya kwenye hadithi hiyohiyo.

Nakala zilizofungwa ndani ya gamba la plastiki na kupewa alama hadi 10 zinafaa kwa uwekezaji, lakini huwezi kuzisoma bila kuvunja gamba. Na kwa tunaoishi pwani, unyevu ndio adui: pini za katikati zinashika kutu na kuchafua karatasi. Tia kila toleo kwenye mfuko wa polipropileni pamoja na kadi isiyo na asidi, simamisha ndani ya boksi, weka juu ya rafu mbali na ukuta wa nje. Ukurasa ukichanika, usibandike selotepu.