Yoga ya joto Tanga: nililipia jasho, sikulipia kukomewa mlango

Bei na ratiba ya vipindi mtavipata kwa kupiga simu, kwa hiyo sitavigusa. Ninachotaka kukieleza ni mlango. Ukumbi wenyewe uko maeneo ya Raskazone, na mlango wa chumba cha mazoezi una komeo kwa ndani, juu kabisa, mahali ambapo mtu wa kimo changu halifikii mpaka asimame kwa ncha za vidole. Kipindi kinapoanza, mwalimu hulikomea kwa mkono wake mwenyewe huku akitabasamu, kisha hutangaza kwamba hakuna atakayetoka mpaka dakika 90 zitimie.

Nilikwenda kwa hiari yangu, tena kwa hamu. Mgongo umenisumbua kwa miaka kutokana na kushinda kwenye cherehani, na mtoto wa dada yangu alikuwa ameisifia yoga hii mpaka nikashawishika. Nyumbani walinicheka sana. Waliuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayetoa fedha ili apashwe moto Tanga, tena wakati wa kaskazi, na sikuwa na jibu la maana la kuwapa. Mtindo huu ulivuma Marekani kuanzia miaka ya 1970 kupitia kwa Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, aliyepanga mfululizo wa mazoezi 26 yanayofanywa katika chumba chenye joto la takriban nyuzi 40 za Sentigredi. Wenzetu wa nchi za baridi huenda wanazihitaji kweli hizo hita. Sisi ukitufungia madirisha tu, kazi imekwisha.

Sehemu ya kwanza niliipenda, na ninaandika hivyo bila kinyongo. Tulianza kwa kupumua taratibu, mikono ikiwa chini ya kidevu, tukaingia kwenye kujipinda kushoto na kulia, na misuli ya kiuno ambayo kwa kawaida hukakamaa kama mkonge uliokaushwa ikaanza kulegea. Maji hatukuruhusiwa kuyagusa mpaka mkao wa tai umalizike, ule wa kusokota miguu na mikono kwa pamoja. Nilivumilia, kwa kuwa ndiyo desturi ya mtindo huo na nilikuwa nimeambiwa mapema.

Kisha umeme ukakatika. Hita zikazima, taa zikazima, na feni iliyokuwa ikisukuma hewa pembeni ikazunguka polepole hadi ikasimama. Mngedhani hapo ndipo tungepata nafuu, lakini ikawa kinyume chake, kwa sababu jasho humpoza mtu pale tu linapokauka mwilini, na katika hewa ile ya pwani iliyosimama, iliyojaa unyevu wa bahari pamoja na pumzi za wanawake wote waliojazana mle ndani, halikukauka hata chembe. Lilikuwa likidondoka kutoka kwenye kiwiko changu tone baada ya tone, likifanya kidimbwi juu ya mkeka, na kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa na ukungu kiasi kwamba sikuweza kuuona uso wangu. Nilipoinuka kutoka kwenye mkao wa kuinama, kichwa kikazunguka, nikashika ukuta, nikaelekea mlangoni.

"Mama, rudi kwenye mkeka," mwalimu akasema. "Hiyo ni sumu inatoka mwilini."

Nikamjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, nataka upepo kidogo tu, nitarudi."

Akanijibu mbele ya watu wote, "Waliozoea kukaa barazani huwa hawana nidhamu ya mazoezi."

Nimezaliwa Ngamiani na nimelelewa barazani. Barazani ndiko nilikofundishwa kwamba mtu mzima akisema anaishiwa nguvu, huletewa maji kwanza, maneno baadaye. Na hiyo sumu aliyoitaja ni porojo, kwani taka za mwili kazi yake ni ya ini na figo, na jasho kwa sehemu kubwa kabisa ni maji na chumvi. Kinachomzungusha mtu kichwa ni mishipa ya damu ya ngozi kutanuka kwa joto na shinikizo la damu kushuka, jambo ambalo mwalimu wa yoga ya joto angepaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Alipodai kwamba mtindo wenyewe hauruhusu kubadilishwa, nilikosa pumzi ya kubishana naye, kwa hiyo namjibu sasa: mahakama ya rufani nchini Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba mfululizo ule haulindwi na hakimiliki, maana yake kila mwalimu ana uhuru wa kuupunguza, kuugeuza na kuufungulia dirisha.

Aliyeniokoa ni msichana mmoja mrefu aliyekuwa mstari wa nyuma, ambaye alipita katikati yetu bila kusema neno, akanyoosha mkono, akalitoa komeo. Upepo ulipoingia, karibu nusu ya darasa walitoka pamoja nami, na mwalimu akaendelea na waliobaki gizani.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba msikanyage pale kamwe. Tatizo ni kwamba usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu, na kwa siku kadhaa niliinama kuchukua ndoo bila kuguna. Jambo hilo linaniudhi zaidi, kwa sababu huduma nzuri imewekwa mikononi mwa mtu asiyejua kusema pole. Msichana wa mapokezi, kwa upande wake, alinipa kiti na maji, akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, ila fedha akasema hazirudishwi.

Mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo na mjamzito wazungumze na daktari kabla ya kujaribu, na wasiingie kabisa katika chumba ambacho hawawezi kukifungua wenyewe. Mimi bado nina vipindi nilivyovilipia. Wakiling'oa komeo lile nitarudi wiki hiyo hiyo, na nitaitikia shikamoo ya mwalimu, endapo ataitoa.